Simu janja sokoni na shambani: Gharama ya kuacha programu zizeeke

IFIKAPO msimu wa mavuno, soko la mahindi la Kibaigwa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, halilali. Malori hupanga foleni karibu na barabara kuu iendayo Morogoro, wabeba mizigo hupishana na magunia mabegani, na madalali husimama kila mmoja na simu mbili mkononi. Bei huulizwa Dar es Salaam kwa WhatsApp, picha ya mahindi hutumwa, fedha hulipwa kwa simu, na lori huondoka kabla mwenye mali hajaonana na mnunuzi.

Katika pilikapilika hizo si jambo geni kumkuta mtu akihangaika na simu iliyogoma. Anafungua WhatsApp, badala ya ujumbe anakuta tangazo kwamba toleo analotumia muda wake umekwisha na anatakiwa kuweka jipya. Bando lililobaki ni la MB chache, simu imejaa video, na mtandao umeelemewa na watu wa soko zima. Mnunuzi wa upande wa pili anasubiri picha. Akichoka, anampigia dalali mwingine.

Hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote. Mwenyewe huiita bahati mbaya, kumbe imetokana na kazi ndogo iliyoahirishwa kwa miezi kadhaa: kusasisha programu za simu au, kama wasemavyo vijana, kuapdeti.

Kwa nini kitochi hakidai?

Watumiaji wengi wa huduma za fedha nchini walianza na simu ndogo, maarufu kama kitochi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na hadi leo mteja wa Vodacom anaweza kupiga *150*00# na kutuma fedha kwa simu ya bei ya chini kabisa. Simu hiyo haimwambii asasishe chochote.

Sababu ni kwamba menyu anayoiona haikai kwenye simu yake. Iko kwenye mitambo ya kampuni, na kila anapopiga namba hiyo analetewa iliyopo siku hiyo. Kampuni ikirekebisha kosa usiku, asubuhi wateja wote wamepona pamoja.

Kwa simu janja mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya kazi imehamishiwa kwenye simu yenyewe, ndiyo maana programu inaweza kuonyesha picha, ramani na kumbukumbu za miamala. Pamoja na kazi hiyo, kimehamishwa pia wajibu. Kosa likigundulika, kampuni hutengeneza toleo jipya, lakini toleo hilo halimsaidii mtu mpaka liingie kwenye simu yake. Mfugaji ataelewa haraka: haogeshi ng'ombe mara moja akawa amemalizana na kupe.

Mfano uliojulikana zaidi ni wa Mei 2019. WhatsApp, ambayo wakati huo ilikuwa na watumiaji wapatao bilioni 1.5, iliwataka wote wasasishe programu baada ya kugundulika tundu kwenye sehemu ya kupiga simu. Mshambuliaji aliweza kupandikiza programu ya ujasusi kwa kupiga tu, hata kama aliyepigiwa hakupokea. Oktoba mwaka huohuo, WhatsApp iliifungulia kesi kampuni ya NSO Group ya Israel, ikidai kwamba simu zipatazo 1,400 zililengwa.

Waliolengwa walikuwa waandishi wa habari, wanasheria na wanaharakati, wala si wauza mahindi. Ni kweli. Lakini marekebisho yakishatangazwa, tundu hujulikana na kila mtu, pamoja na mwizi mdogo ambaye awali hakuwa na habari nalo. Simu ambayo haijasasishwa hapo inakuwa kama nyumba ambayo mlango wake mbovu umetangazwa gazetini.

Hesabu ya bando

Ukiwauliza watu kwa nini hawasasishi, jibu la kwanza ni bando. Jibu hilo halistahili kupuuzwa, na ni vema kulipigia hesabu.

Tuchukue simu yenye programu 20. Tuseme kila moja inatoa toleo jipya mara mbili kwa mwezi, na kila toleo lina MB 30. Hizo ni MB 1,200 kwa mwezi. Kama GB moja inapatikana kwa Sh2,000, mwenye simu atatumia Sh2,400 kila mwezi, sawa na Sh28,800 kwa mwaka, bila kutuma hata salamu moja. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila msomaji aweke bei ya mtandao wake na idadi ya programu zake.

Sasa tuangalie upande wa pili. Tuseme wakala mdogo ana mtaji wa Sh300,000 unaozunguka kwenye simu, na kwamba katika kila mawakala 20 wa aina yake, mmoja kwa mwaka hupoteza mtaji wote kwa sababu ya simu iliyozembewa. Kwa wastani, hatari anayoibeba kila mmoja ina thamani ya Sh15,000 kwa mwaka. Kulipa Sh28,800 ili kujikinga na hatari ya Sh15,000 si biashara. Kwa maana hiyo, anayesema kuwa kusasisha kila kitu ni kupoteza fedha ana hoja, na wataalamu wa kompyuta wanaomkaripia wangefanya vizuri kumsikiliza kwanza.

Hata hivyo, hesabu hiyo inabadilika kwa mambo mawili.

La kwanza ni namna toleo jipya linavyoingia. Desemba 2016, Google ilitangaza mbinu ya kupeleka kwenye simu tofauti tu iliyopo kati ya toleo la zamani na jipya, badala ya programu nzima. Ilieleza kuwa kwa wastani mzigo ulipungua kwa asilimia 65. Lakini kuunganisha vipande hivyo kunaichosha simu, hivyo wakati huo mbinu hiyo iliwekwa kwa programu zinazojisasisha zenyewe, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika simu ikiwa imetulia kwenye chaji na imeunganishwa na waifai. Anayesubiri mpaka agomewe, kisha akabonyeza mwenyewe sokoni, ndiye aliyekuwa akibeba mzigo mzima.

Kwa mfano wetu, punguzo la asilimia 65 linazishusha MB 1,200 kuwa 420. Gharama inakuwa Sh840 kwa mwezi, au Sh10,080 kwa mwaka. Hapo tayari kinga ni rahisi kuliko hatari.

La pili ni uchaguzi. Katika programu 20, pengine nane ndizo zenye kazi. Za fedha na za benki zinatangulia, ikifuata WhatsApp, kisha kivinjari cha intaneti, barua pepe na Play Store yenyewe. Kibodi pia isiachwe, ingawa watu wachache huikumbuka: ndiyo inayoona kila herufi unayoandika kwenye simu, na baadhi ya programu huiachia hata namba ya siri. Programu nane kwa hesabu ileile ni MB 168 kwa mwezi, yaani Sh336. Kwa mwaka mzima ni Sh4,032.

Zile 12 zilizobaki, yaani michezo, tochi ya pili, programu ya kupamba picha iliyotumika siku ya harusi ya mtu, dawa yake si kusasishwa. Ni kufutwa. Ambayo haipo haitumii bando wala haina tundu, na nafasi inayoachwa wazi ndiyo inayohitajika toleo jipya la WhatsApp linapokuja.

Za kufutwa mapema zaidi ni programu za mikopo zilizosahaulika. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mwaka 2023 Google nayo ilizuia programu za mikopo binafsi kusoma orodha ya majina na picha za mteja. Lakini sharti la dukani hulifikia toleo lililoko dukani. Toleo la zamani lililolala kwenye simu tangu mwaka wa nyuma linaweza kubaki na ruhusa ulizolipa siku ile ulipokuwa na shida ya ada ya mtoto.

Za kurushiana

Kwa sababu ya bando, wengi wamezoea kurushiana programu kutoka simu moja hadi nyingine. Kijana mmoja anapakua, mtaa mzima unapata. Kiuchumi ni ushirika mzuri kabisa. Tatizo ni usalama.

Februari 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Trend Micro ilitangaza kuwa imekuta kasoro kubwa kwenye SHAREit, mojawapo ya programu maarufu za kurushiana mafaili, ambayo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Kasoro hizo zingeweza kumruhusu mtu mbaya kuendesha amri zake kwenye simu ya mwingine. Wenye SHAREit walitoa marekebisho siku chache baadaye. Waliobaki hatarini ni wale waliokuwa wamerushiwa hiyo SHAREit yenyewe na rafiki, wasijue kama inahitaji kusasishwa.

Kundi jingine ni matoleo ya WhatsApp yasiyotengenezwa na WhatsApp, kama GBWhatsApp, yanayopendwa kwa sababu yanaficha alama za kusoma ujumbe. Agosti 2021, kampuni ya Kaspersky iliripoti kukuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya toleo mojawapo la FMWhatsApp. WhatsApp yenyewe huwafungia kwa muda watumiaji wa programu hizo, na mfanyabiashara aliyefungiwa wateja wake 400 wakiwa ndani ya simu hana pa kulalamikia.

Ipo alama moja ya hatari ambayo kila mwenye simu ya Android anapaswa kuifahamu. Kila programu hubeba sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji wake. Toleo jipya likija na sahihi ileile, simu huliweka juu ya lile la zamani bila maneno. Likija na sahihi tofauti, simu hukataa. Kwa hiyo mtu akikutumia kile anachokiita toleo jipya la programu ya fedha, kisha akakuelekeza uifute kwanza ya zamani ndipo hiyo ikubali, anachokuomba ni uondoe mlinzi mlangoni.

Vivyo hivyo kwa ujumbe mfupi wenye kiungo usemao akaunti yako itafungwa usiposasisha leo. Toleo halali linakusubiri kwenye Play Store. Halina haja ya kukufuata kwa ujumbe wa namba ya mtu. Ujumbe kama huo hutumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Simu inapofika mwisho wake

Yapo mazingira ambayo mwenye simu ana nia na bando, lakini simu haiwezi. Oktoba 2023, WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5.0 au ya juu zaidi, mfumo uliotoka mwaka 2014. Simu iliyobaki na mfumo wa chini ya hapo inaweza kuwa na kioo kizuri na betri nzima, ila sokoni haina kazi tena.

Ndiyo maana anayenunua simu, hasa iliyotumika, asiishie kuuliza ukubwa wa kamera. Afungue mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu, aangalie toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Kama tarehe hiyo ina miaka miwili, huyo aliyeitengeneza ameshaiacha.

Bei nayo ipimwe kwa miaka. Simu ya Sh200,000 inayopata marekebisho kwa miaka miwili inamgharimu mwenyewe Sh100,000 kwa mwaka. Ya Sh350,000 inayohudumiwa miaka mitano ni Sh70,000. Baadhi ya kampuni zimeanza kushindana kwa jambo hili: Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi miaka saba. Hizo ni simu za bei ya juu, mbali na mfuko wa mkulima wa kawaida. Kwa simu za bei nafuu ahadi huwa fupi, na muuzaji wa dukani mara nyingi hajui kama ipo. Inafaa aulizwe hivyohivyo, ili ajue wateja wanaitaka.

Haina maana kwamba kila toleo jipya ni jema. Machi 2021, toleo bovu la sehemu ya Android iitwayo WebView, ambayo programu nyingi huitumia kuonyesha kurasa za intaneti, lilisababisha programu kadhaa, Gmail ikiwamo, kujifunga kila zinapofunguliwa katika simu nyingi duniani. Google ilitoa dawa siku iliyofuata, nayo ilikuwa ni toleo jingine jipya. Kwa mfanyabiashara, fundisho la tukio hilo ni la ratiba: kusasisha kusifanyike asubuhi ya siku ya soko.

Programu za kilimo zinazokufa kimya

Tatizo ni kubwa zaidi kwenye programu zinazomshauri mkulima, kwa kuwa zikipitwa na wakati hazigomi. Zinaendelea kujibu kwa ujasiri uleule.

Viwavijeshi vamizi vilipoingia Afrika mwaka 2016 na kusambaa hadi mashamba ya mahindi ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani walileta programu iitwayo Nuru mwaka 2018. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, na programu inamweleza kama kuna dalili za mdudu huyo. Ilitengenezwa ifanye kazi hata pasipo mtandao, jambo la maana sana shambani. Ilitambua pia magonjwa ya muhogo, yaani batobato na michirizi ya kahawia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu magonjwa hayo ya muhogo ulionyesha kuwa Nuru ilipatia kwa asilimia 65, wakati maofisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Programu ilipopimishwa majani sita ya mmea badala ya moja, ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Tofauti ya 65 na 88 ni shamba zima la muhogo kung'olewa au kuachwa. Na hapa ndipo faida ya kufanya kazi bila mtandao inapogeuka kuwa mtego. Kwa kuwa ujuzi wote wa programu ya namna hiyo umehifadhiwa ndani ya simu, maboresho ya watafiti hayamfikii mkulima mpaka asasishe. Ambaye simu yake haijaona waifai kwa miaka miwili anapata ushauri wa miaka miwili iliyopita, na hakuna kinachomwonyesha.

Kwenye viuatilifu jambo hilo ni zito zaidi. Mei 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiweka klopirifosi, dawa ya wadudu iliyotumika kwa miongo mingi, kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kwa matumizi kadhaa. Programu ya ushauri iliyoandikwa mwaka 2018 na kuachwa haiwezi kulijua hilo. Kabla ya kununua dawa iliyotajwa na simu, mkulima aihakikishe kwa ofisa ugani au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Lawama hapa haiwezi kubebeshwa mkulima peke yake. Programu nyingi za kilimo huzaliwa na mradi wa miaka mitatu. Bajeti ina fungu la wataalamu, fungu la uzinduzi, fulana na semina. Fungu la mwaka wa nne halipo. Mwaka 2022 Google ilitangaza kuwa programu zisizosasishwa kuendana na mifumo mipya ya Android zitafichwa dukani kwa wateja wapya wenye simu mpya, na kuanzia hapo programu iliyotelekezwa inakuwa na wakulima waliokwama nayo na haina anayeirithi.

Halmashauri au chama cha ushirika kinapoletewa programu mpya, swali la kuuliza kabla ya kupiga picha za uzinduzi ni nani atalipa fundi wa kuisasisha fedha za mfadhili zikiisha, na kiasi gani. Kama jibu halipo, menyu ya kitochi inayohudumiwa na kampuni ya simu inaweza kuwafaa wanachama zaidi kuliko programu yenye picha nzuri.

Kwa mtumiaji mmoja mmoja, kazi yenyewe ni ya usiku mmoja kwa mwezi. Fungua Play Store, bonyeza picha yako iliyo juu pembeni, ingia kwenye mipangilio na uchague programu zijisasishe kwa waifai pekee. Kwa ile ambayo huitaki ijisasishe, fungua ukurasa wake, gusa nukta tatu za pembeni na uondoe alama. Kisha acha simu kwenye chaji hadi asubuhi mahali penye waifai, iwe ni ofisini, kwa jirani, au kwa kijana mwenye bando kubwa ambaye atakurushia mtandao badala ya kukurushia programu. Simu yake nayo huonekana kama waifai.

Kwa wa Kibaigwa, wakati mzuri ni Aprili, malori yakiwa bado hayajajaa. Mavuno yakianza, mtandao wa soko zima unagombewa na kila mwenye gunia.